UZI: Mgonjwa kaja na "nimechoka tu daktari", unaanzia wapi? Ugumu wa kazi ya daktari wa familia

mlango_wa_kwanza:

Wakuu habari za saa hizi. Naona lawama zimezidi kwamba ukienda kwa daktari wa familia anakuuliza maswali kibao, anakubonyeza tumbo, anasikiliza kifua, halafu anakwambia nenda nyumbani urudi baada ya wiki mbili, hamna kipimo, hamna sindano, na watu wanahitimisha kabisa kwamba hawa jamaa hawajui kitu, wanaojua ni mabingwa. Mimi ndo kazi yangu hiyo, kwa hiyo leo acha niwape upande wa pili wa meza. Uzi mrefu, anayechoka apumzike arudi.

Tuanze na hesabu ya zamani kidogo. Mwaka 1961 Kerr White na wenzake walichapisha kitu ambacho mpaka leo tunafundishwa. Chukua watu wazima 1000, wafuatilie mwezi mmoja. Kama 750 watakwambia ndani ya mwezi huo waliumwa au waliumia kwa namna fulani. 250 ndo watakwenda kumwona daktari. 9 watalazwa. 5 watapewa rufaa kwa daktari mwingine. Na mmoja, mmoja tu, ataishia hospitali kubwa ya kufundishia. Sasa jiulize madaktari tunasomea wapi. Tunasomea kwa yule mmoja! Unatoka chuo unaujua ugonjwa ulioshaiva, una jina, una picha ya eksirei, una kila kitu, halafu unakaa kwenye kiti unaletewa wale 250 ambao ugonjwa wao bado haujajionyesha sawasawa, au sio ugonjwa kabisa, au ni ugonjwa mbaya ila leo ndo siku yake ya tatu na umejificha ndani ya homa kama homa zingine zote.

Mfano mtu wa uchovu. Anakaa, unamuuliza nini kinakusumbua, anajibu daktari nimechoka tu. Kimya. Hapo kichwani kwako inapita orodha: damu imepungua, kisukari, tezi ya thairoidi imelegea, mimba ambayo mwenyewe hajaijua, figo, ini, kifua kikuu, VVU, moyo umeanza kushindwa kusukuma damu, sonona, dawa anazokunywa zenyewe, pombe, yule mtu anayekoroma usiku pumzi ikawa inakatika bila yeye kujua, saratani iliyojificha, na maisha tu ya kawaida ya mtu mwenye kazi mbili na mtoto mchanga. Wengi kabisa watakuwa kwenye usingizi, msongo, sonona, au hutakuta chochote na uchovu utapita wenyewe. Wachache wana kitu kibaya. Na wote wamekaa kwenye kiti kilekile wanasema sentensi ileile.

Kwa hiyo yale maswali mnayoyaona ya kupoteza muda ndo kazi yenyewe. Nikikuuliza "unashindwa kuanza kazi au unaanza vizuri halafu nguvu zinakatika" sipigi soga. Anayeshindwa kuanza, hana hamu ya kitu, anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, nawaza sonona. Anayeanza vizuri halafu kwenye ngazi ya pili anahema, nafunua kope ya chini kuangalia wekundu, nabonyeza miguu kuona kama kidole kinaacha shimo, nawaza damu au moyo. Naangalia mkanda wako, kama kuna tundu jipya limetobolewa kwa msumari basi umepungua hata kama wewe unasema uzito ni uleule. Na nafungua faili nione uzito wa mwaka jana, maana mgonjwa anayekuja kwangu miaka sita namjua akiwa mzima anafananaje, na hicho bingwa hana.

Kuna utafiti wa Uingereza wa 1975, wagonjwa wapya 80 wa kliniki ya nje. Kwa wagonjwa 66 kati ya hao, barua ya rufaa pamoja na maelezo ya mgonjwa mwenyewe vilitosha kufika kwenye jibu lilelile lililokuja kuthibitishwa mwishoni. Kumpima kwa mikono kulibadilisha jibu kwa 7, na maabara kwa wengine 7. Najua ni wa zamani na vipimo vya sasa vina nguvu zaidi ila muulize daktari yeyote anayekaa mlangoni kama hali imebadilika sana.

Tatizo ni muda. Mwaka 2017 ulitoka utafiti uliokusanya takwimu za nchi 67, wastani wa daktari na mgonjwa kukaa pamoja ulianzia sekunde 48 Bangladesh mpaka dakika 22 na nusu Uswidi. Sekunde 48! Hapo hata jina hujamaliza kuandika. Na hata sisi wenye muda tunaharibu wenyewe, kuna utafiti wa 1984 Marekani waliorekodi madaktari, wakakuta kwa wastani mgonjwa anaanza kueleza na baada ya sekunde 18 daktari ameshamkatiza. Mwacheni mtu amalize, wengi wanamaliza wenyewe ndani ya dakika mbili hata hazifiki.

Nitaendelea, kuna mtu yupo mlangoni.

MaabaraTupu:

Mkuu heshima yako ila hapa unazunguka. Mimi nipo maabara. Mashine ipo, vitendanishi vipo, kwa nini usimpime mtu kila kitu siku ya kwanza ukamaliza ubishi? Damu yote, figo, ini, tezi, mkojo, choo, kipimo cha saratani, ultrasaundi ya tumbo. Kisichoonekana hakipo. Haya mambo ya kutazama mkanda wa mtu ni ya enzi za mababu.

mlango_wa_kwanza:

Kaka MaabaraTupu hilo swali nalisubiri kwa hamu kwelikweli.

Tuchukue kipimo kizuri tu, kinakamata wagonjwa 90 kati ya 100 na kinawaachia wazima 90 kati ya 100. Mtu akisikia hivyo anasema hiki kipimo ni asilimia 90, kikisema unaumwa basi unaumwa. Haya. Leta watu 1000 mlangoni kwangu, ugonjwa huo upo kwa mmoja kati ya 100, yaani wagonjwa 10. Kipimo kinakamata 9. Safi. Lakini wazima ni 990, na kumi ya kila mia kinawasingizia, hao ni 99. Kwa hiyo majibu yaliyosema "unao" ni 108, wenye ugonjwa kweli humo ni 9. Hata mmoja kati ya kumi hafiki! Sasa hao 99 wengine utawafanya nini? Utawarudia kipimo, utawapeleka kuchunguzwa kwa sindano, wengine utawaanzishia dawa, na usingizi umeshawaharibia.

Kipimo hichohicho kipeleke kwa bingwa, ambaye kwake kati ya watu 1000 walioshachujwa wagonjwa ni 300. Anakamata 270, anasingizia 70. Pale kikisema unao, kwa watu wanane kati ya kumi hivi ni kweli. Kipimo ni kilekile, mashine ni ileile, fundi ni wewe uleule, kilichobadilika ni nani aliyekaa kwenye foleni. Ndo maana bingwa anaonekana anajua zaidi na mimi naonekana nabahatisha. Kazi ya maswali yangu ni kukupandisha kutoka kundi la mmoja kati ya mia kwenda kundi la thelathini kati ya mia, HALAFU ndo nakuandikia kipimo. Nikimpima kila mtu kila kitu na kukuletea wewe kazi, sitakuwa nimemsaidia mtu.

Na kipimo kinaweza kuona kitu cha kweli ambacho hakina shida yoyote. Mwaka 1994 walipigwa MRI ya mgongo watu 98 ambao mgongo hauwaumi hata kidogo. Asilimia 52 walikutwa na diski (ile mito ya kati ya pingili za mgongo) imetokeza angalau sehemu moja. Sasa fikiria mmoja wao angekuja siku amelala vibaya mgongo unamuuma, apigwe picha, aambiwe diski imetokeza. Ataacha kuinama maisha yake yote.

Mkojo nao. Mzee wa miaka 80 hana homa, hakojoi kwa maumivu, kaletwa kwa sababu ameanguka, mkojo unapimwa una bakteria, tayari ana "UTI". Wazee wengi wana bakteria kwenye mkojo na hawana ugonjwa wowote, na kama hana dalili hapewi antibayotiki. Mjamzito ndo tofauti, yeye anatibiwa hata bila dalili. Lakini mzee wangu karatasi ikishaandikwa UTI hamna anayeuliza tena kwa nini ameanguka.

MaabaraTupu:

Hesabu nimeielewa, sijapenda ila nimeielewa. Basi na ninyi muwe mnaandika kwenye fomu mnatafuta nini. Mnatuletea fomu imeandikwa "mwili kuuma" na tiki kumi na mbili.

mlango_wa_kwanza:

Hilo nalipokea, una haki.

Nesi_Zamu:

Naomba niongezee upande wa watoto maana mimi ndo nakutana nao kabla ya daktari. Kinachotisha kwa mtoto mwenye homa ni kwamba mafua ya kawaida na homa ya uti wa mgongo kwa masaa ya mwanzo vinafanana mnoo. Mzazi anakuja na namba, "nesi 39.6!", na mimi naangalia mtoto. Anacheza na kamba ya kitambulisho changu, ananikasirikia nikimshika, analia machozi yanatoka, huyo hata akiwa na 39.6 nina amani kidogo. Mwenye 38 kalegea begani kwa mama, hanitazami, ngozi ina madoadoa, mikono ya baridi, huyo simwachi kwenye foleni hata awe wa mwisho kufika. Na mtoto chini ya miezi mitatu akifika 38 hakuna mjadala, ni dharura, hata akiwa anachekacheka.

Pia jamani pumzi zihesabiwe DAKIKA NZIMA. Fungua kifua, mtoto akiwa ametulia hajalia, angalia tumbo linavyopanda, hesabu mpaka sekunde 60 za saa ziishe. Chini ya miezi miwili pumzi 60 na kuendelea ni haraka, miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka mmoja mpaka mitano ni 40. Watu wanahesabu sekunde kumi na tano wanazidisha kwa nne, mtoto mdogo anapumua kwa mafungu, unaweza kukuta 36 au 56 kwa mtoto yuleyule. Hapo umeamua nimonia ipo au haipo kwa kubahatisha. Na ukiona nyama za chini ya mbavu zinavutwa ndani kila akivuta pumzi, acha kuhesabu, mpeleke.

Lingine, vipele. Bonyeza kwa glasi ya kioo, vikipotea sawa, visipopotea kimbia.

mlango_wa_kwanza:

Dada Nesi_Zamu umemaliza kila kitu, wewe ungeandika uzi huu.

Hapo umegusa kitu ambacho ni moyo wa kazi yetu. Mtoto niliyemwangalia saa nne asubuhi akawa mzima anaweza kuwa mgonjwa mahututi saa kumi jioni, na sikukosea asubuhi, ugonjwa ndo ulikuwa haujafika. Kwa hiyo mgonjwa anavyoondoka, kumwambia "akizidiwa mrudishe" haitoshi, kuzidiwa ni nini? Mama anatakiwa aondoke na vitu vya kuangalia vinavyoonekana: akikataa kunyonya kabisa, akiwa mgumu kuamka, akipumua kwa kuvuta mbavu, akipata degedege, vipele visivyopotea, mkojo ukikauka nusu siku. Na lini arudi hata kama hajazidiwa, na aje kwa nani. Na nimwombe anirudishie maneno hayohayo kwa mdomo wake maana mama ambaye hajalala siku mbili anatikisa kichwa kwa kila unachosema.

"Tusubiri kwanza" bila hayo ni kumtelekeza mtu. Ukiambiwa usubiri uliza: nasubiri nini, mpaka lini, na nikiona nini nisisubiri tena.

bintiwamzee:

Samahanini naingilia. Haya mnayosema ni mazuri kwenye maandishi. Mama yangu ana miaka 67, ana kisukari, alienda sehemu mara mbili ndani ya wiki moja, chembe ya moyo inamuuma, anatoka kijasho chembamba, hana nguvu. Mara zote mbili aliambiwa vidonda vya tumbo akapewa dawa za kupunguza asidi. Mara ya pili walimpima kile kipimo cha umeme wa moyo wakasema kipo sawa. Siku ya tano akaanguka bafuni, ikawa moyo. Yupo hai namshukuru Mungu ila moyo haujarudi ulivyokuwa. Sasa hapo hesabu za wagonjwa 1000 zinanisaidia nini mimi?

mlango_wa_kwanza:

Pole sana dada yangu, na mpe pole mama. Hazikusaidii, na sitajaribu kuzitumia kumtetea mtu.

Ninachoweza kukwambia ni kwamba hili ndo shimo tunalolijua na bado watu wanatumbukia. Mshtuko wa moyo wa vitabuni ni mwanamume kashika kifua katikati, maumivu yanashuka mkono wa kushoto. Wanawake, wazee na hasa mwenye kisukari wanaweza kuja bila maumivu ya kifua kabisa, wakaja na chembe ya moyo, taya, mgongo, kichefuchefu, kuhema, au uchovu wa ghafla tu. Na kipimo cha umeme wa moyo cha mara moja kikiwa sawa hakifuti mshtuko wa moyo, kinarudiwa, na kuna kipimo cha damu cha troponini ambacho nacho kinarudiwa baada ya masaa kadhaa. Mama wa 67 mwenye kisukari, chembe inauma na kijasho, huyo anatakiwa atoke kwako kwa gari la wagonjwa.

Kingine kwenye maelezo yako ni ile mara ya pili. Jina likishaandikwa kwenye faili, anayekuja nyuma analisoma na kulifuata. "Vidonda vya tumbo, amerudi, dawa haijafanya kazi, ongeza dozi." Mimi nina sheria, mgonjwa akirudi na tatizo lilelile kabla ya siku niliyompa, faili nalifunika, naanza upya kama simjui. Sheria nyingine: mwanamke wa umri wa kuzaa akija na tumbo la chini linauma au amezimia, kipimo cha mimba kwanza, hata akiapa haiwezekani, maana mimba iliyotunga nje ya kizazi haisubiri mtu amalize kuapa.

bingwa_mstaafu:

Nimesoma nimenyamaza. Mimi nipo upande ule wa pili, wa rufaa. Malalamiko yangu: barua. "Tafadhali mwone mgonjwa huyu mwenye maumivu ya mgongo." Basi. Dawa gani kapewa, miguu ina nguvu, mkojo unatoka, hakuna. Na wengi wangepona wenyewe ndani ya wiki sita. Halafu yule ambaye kweli alitakiwa kuja haraka kawekwa kwenye foleni ya miezi miwili na barua yenye maneno hayohayo.

mlango_wa_kwanza:

Mzee shikamoo. Sibishi. Kwa wenzangu wachanga wanaosoma: mgongo, andika kama kuna ganzi sehemu zinazogusa tandiko mtu akipanda baiskeli, kama mkojo umegoma au unatoka bila taarifa, kama miguu yote miwili inalegea. Moja ya hayo ikiwepo barua isiandikwe, ipigwe simu, ni leo hiihii. Homa, kupungua uzito, historia ya saratani, maumivu yanayomwamsha usiku, hayo nayo yaandikwe mstari wa kwanza.

Ila mzee na ninyi mturudishie majibu. Mgonjwa anarudi na mfuko wa dawa mpya, mimi nabaki kukisia mlimpa kwa ajili gani.

bingwa_mstaafu:

Marahaba. Hilo ni kweli, hatujibu.

presha_kijana:

Mimi nina 34, nimeambiwa nina presha kwa kupimwa mara moja tu nilivyoenda kwa ajili ya mafua, 152/94. Nimepewa dawa ya maisha. Sijisikii vibaya popote. Ni sahihi?

mlango_wa_kwanza:

Ndugu, usiache dawa kwa sababu ya uzi wa intaneti, rudi kwa aliyekupa umuulize hivi.

Namba moja ya siku moja kwa kawaida haitoshi kumwambia mtu ana presha, isipokuwa ikiwa juu sana au kuna dalili za viungo kuumia. Ulipimwaje? Unatakiwa ukae dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini haijapishana, mkono umewekwa juu ya kitu usawa wa moyo, kibofu kitupu, hujavuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa nyuma, na usiongee. Mkanda wa mashine ukiwa mdogo kwa mkono mnene namba inapanda bure, hiki ndo kitu nakiona kila siku, mkanda mmoja unatumika kwa watu wote. Wengine presha inapanda wakiona koti jeupe tu, nyumbani ipo sawa. Na kuna kinyume chake, kliniki safi, nyumbani ipo juu, hawa ndo wanatuponyoka. Kliniki tunahesabu ni presha kuanzia 140/90, nyumbani kuanzia 135/85. Pima nyumbani asubuhi na jioni kwa siku saba, siku ya kwanza itupe, chukua wastani wa zilizobaki. Dawa za mafua za kuzibua pua na za maumivu kama diklofenaki nazo zinapandisha presha, kwa hiyo ulivyoenda na mafua ulikuwa umekunywa nini?

Ikithibitika kuwa unayo, kutojisikia vibaya hakuna maana yoyote, presha haiumi. Hapo ndo ugumu wa kutibu unapoanza, unamwambia mtu asiyeumwa anywe kidonge kitakachomfanya ajisikie vibaya kidogo leo ili asipate kiharusi baada ya miaka kumi na tano. Akiacha simlaumu, namuuliza kilichomfanya aache. Kwa wanaume mara nyingi ni nguvu za kitandani na hatasema mpaka umuulize wewe.

Na kuna mzunguko wa dawa ambao nauona sana, nauandika taratibu. Mzee anapewa amlodipini ya presha. Miguu inavimba, ni tabia ya dawa hiyo. Anaenda kwingine, anaonekana miguu imevimba, anapewa dawa ya kukojoa. Dawa ya kukojoa inapandisha asidi ya yuriki, kidole gumba cha mguu kinawaka moto, gauti. Anapewa diklofenaki. Diklofenaki inapandisha presha na kubana figo. Anaonekana presha imepanda, anaongezewa amlodipini! Kila daktari hapo alitibu alichokiona. Hakuna hata mmoja aliyeuliza miguu ilianza kuvimba lini na dawa ilianza lini.

Metformini nayo, ile dawa ya kisukari, miaka mingi ya kuinywa inaweza kushusha vitamini B12, miguu ikawa inawaka ganzi, kila mtu anasema ni kisukari kimeingia kwenye mishipa. Pimeni B12 kabla hamjaongeza kidonge kingine.

mke_wa_kwanza_na_wa_mwisho:

Dokta na hili la familia nzima kuwa na daktari mmoja halinikai. Mimi, mume wangu na mama mkwe wote tunaenda kwa mtu mmoja. Nikiwa na siri je?

mlango_wa_kwanza:

Siri yako ni yako, hata mume akiuliza kwa upole kabisa. Ugumu ni kwamba mimi najua. Mume akija na usaha kwenye mkojo, mke analetwa wiki hiyohiyo na tumbo la chini, siwezi kumwambia mke nimejulia wapi. Ninachofanya ni kumwambia mume, mkeo anahitaji matibabu, mlete au mwambie, na nakusaidia namna ya kumwambia.

Na kuna mgonjwa ambaye haongei kwa sababu mama mkwe kakaa kiti cha pembeni na anamjibia kila swali. Nikishaona hivyo namwomba msindikizaji atoke kidogo, "nataka kumpima", na mlango ukifungwa ndo kichwa kinachouma miezi mitatu kinapata jina lake, anapigwa, au hajaona siku zake, au anawaza kufa. Kwa sonona naanza na maswali mawili, wiki mbili hizi hamu ya vitu unavyopenda imepotea? Moyo umekuwa mzito, umekata tamaa? Akisema ndiyo hata kwa moja naendelea, na namuuliza waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, watu wengi wanashusha pumzi kwamba hatimaye mtu kauliza.

Halafu wale wa mlangoni. Dakika kumi tumeongea goti, kashika kitasa, "ah daktari, na hii nyingine, juzi nilikojoa damu". Mrudisheni kwenye kiti. Kitu cha mwisho ndo kimemleta.

presha_kijana:

Nilikuwa nimekunywa dawa ya kuzibua pua, siku mbili mfululizo. Kikohozi bado kipo, leo wiki mbili. Nitafute antibayotiki?

mlango_wa_kwanza:

Kikohozi cha mkamba wa kawaida wa virusi kwa wastani kinakaa kama siku 18, watu wengi wanategemea wiki moja ndo maana wanarudi siku ya nane wanadai antibayotiki, wanapewa, kinaisha siku ya 18, sifa zote zinaenda kwa kidonge. Kama huna homa, huhemi, hutoi damu, hujapungua uzito, hakuna unayeishi naye mwenye kifua kikuu, endelea na maji na subira. Ila kikigonga wiki mbili kama chako, au moja ya hizo ikitokea kabla, nenda ukachunguzwe na makohozi yapimwe kifua kikuu.

presha_kijana:

Sawa dokta. Naanza kupima presha nyumbani kesho asubuhi, mashine ninayo ya mzee.

mlango_wa_kwanza:

Ya mkononi juu ya kiwiko au ya kwenye kifundo cha mkono?

presha_kijana:

Kifundo.

mlango_wa_kwanza:

Azima ya juu ya kiwiko, na uangalie mkanda unakutosha. Na siku ya kwenda beba dawa zote kwenye mfuko, mpaka ile ya kuzibua pua.